Sina Pingamizi, Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na barua pepe za Chama nazo zimeanza. Chama cha Mawakili kinatutakia msimu mwema na kutukumbusha kwamba mwaka huu hakuna leseni kwa asiye na alama za mafunzo. Kuna Maadili, kuna Teknolojia, na kuna kitu kipya kinaitwa Ustawi wa Wakili. Huo Ustawi umepangwa Jumamosi saa moja asubuhi, na anayechelewa anakatwa alama. Yaani siku yangu moja ya kulala nitaamshwa alfajiri nikafundishwe faida za usingizi.

Nilimsomea Mzee, mwenzangu wa ofisini, ujumbe huo kwa sauti, nikitafuta mtu wa kukasirika naye. Akatabasamu, akasema, "Vizuri sana," akarudi kwenye jalada lake. Vizuri kitu gani?

Jumatano, 5 Machi

Ofisi yetu iko ghorofa ya mwisho, na juu yetu ni bati tupu. Mvua ikishuka, mimi, Mzee na karani wetu tunaongea kwa kupayuka. Leo mteja mmoja alidhani tunagombana akataka kuondoka.

Mzee ndiye aliyenifundisha kazi nilipotoka chuoni, na sasa tunatumia chumba kimoja chenye meza mbili. Mahakamani wanamwita Mzee Nukta, maana akimaliza hoja zake husema "Nukta" na kuketi, hata kama jaji bado ana swali. Siku hizi anaketi upesi zaidi. Utu uzima nao una kiburi chake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi kutoka kwenye Ustawi nikiwa hoi.

Ukumbi ulijaa mawakili wenye macho mekundu. Rais wa Chama alituhutubia kuhusu msongo wa mawazo kwa muda mrefu kuliko ratiba, kwa hiyo mapumziko yakafutwa. Kisha akaja dada mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, ndiye ofisa wa ustawi, akatugawia kadi zenye namba ya simu. "Ukizidiwa, piga, ni siri yako. Chama kinakusikiliza." Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Kinatusikiliza ili kitushtaki." Tulicheka wote, na kicheko hicho ndicho mafunzo pekee niliyoyapata.

Halafu tukaambiwa tufumbe macho, tuvute pumzi. Tulipoambiwa tufumbue, Mzee hakufumbua. Ukumbi mzima umeshaanza kukusanya mikoba, yeye amefumba tu, ametulia. Nilipomgusa bega alishtuka, akaona watu wanamtazama wakicheka, naye akacheka. Nilimwonea aibu. Kulala mbele ya Rais wa Chama!

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Jalada moja limelowa. Sina zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Mafunzo ya Teknolojia yanafanyika kwenye kompyuta. Unatazama video, kijana mmoja anaeleza mfumo wa kufungua mashauri, halafu unajibu maswali. Video hairudishwi nyuma. Sijui ni nani aliyeamua hivyo, ila natamani siku moja ahojiwe chini ya kiapo.

Mzee ameshindwa mara mbili. Mara ya pili alipata alama chache kuliko ya kwanza.

"Mzee, ulikuwa unamsikiliza yule kijana kweli?"

"Mambo ya vijana hayo," akasema, akafunga kompyuta.

"Bila hizo alama hupewi leseni!"

"Tutaona, binti."

Sikio la kufa halisikii dawa. Mtu aliyeandika hoja zinazosomwa na wanafunzi anashindwa kusikiliza video ya kitoto kwa sababu ya majivuno. Nimekasirika hadi nimesahau mwavuli ofisini.

Jumatano, 19 Machi



Leo Mzee alikuwa na shauri la Mama Cherehani, kwa njia ya video, kama ilivyo sasa kwa kila maombi madogo. Mama huyu ni fundi nguo, mjane. Anaishi na kufanya kazi katika nyumba aliyoachiwa na mumewe, na shemeji yake anasema nyumba ni ya ukoo. Shauri lenyewe bado halijasikilizwa. Leo wakili wa shemeji alileta ombi moja tu, kwamba mama ahame kwanza, mpaka kesi iamuliwe. Ombi la kuchekesha. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelipinga akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee alikuwa kwenye meza yake, amevaa tai na joho, uso karibu na kioo cha kompyuta. Mimi nilikuwa nasoma jalada langu huku sikio moja liko kwake. Wakili wa shemeji akamaliza. Jaji akauliza, "Wakili msomi, unasemaje juu ya ombi hili?"

Mzee akatabasamu. "Sina pingamizi, Mheshimiwa."

Nikainua kichwa. Hata jaji alishangaa, nilimwona akivua miwani. "Huna pingamizi? Mjibu maombi ahame?"

"Hata kidogo, Mheshimiwa. Nukta."

Niliruka kutoka kitini nikaangusha majalada. Nilipofika mezani kwake amri ilikuwa imeshatolewa, mama ahame ndani ya wiki tatu, na kioo kilikuwa kinaonyesha watu wa kesi nyingine. Mzee alikuwa anavua joho taratibu.

"Wameahirisha hadi lini?" akaniuliza.

Asiye wakili hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. "Sina pingamizi" ni adabu yetu ya kila siku. Mwenzako anaomba ahirisho, anaomba kurekebisha tarehe, nawe unasema huna pingamizi, maana kesho utaomba wewe. Wakili aliyesinzia husema hivyo. Aliyepoteza ukurasa husema hivyo. Kauli hiyo hututoka kabla hatujafikiri. Lakini kumtoa mama wa watu nyumbani kwake kwa adabu?

Nilimpigia kelele. Nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu aliyenizidi umri. Alinitazama mdomoni muda wote, na rangi ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Mtandao," akasema mwishowe. "Mtandao ulikatika."

Haukukatika. Mimi nilikuwepo.

Alhamisi, 20 Machi

Mama Cherehani amekuja, kanga imelowa hadi magotini. Hakuketi.

"Baba, nimeambiwa na shemeji yangu. Nimeambiwa na yeye, tena akiwa anacheka, kwamba wakili wangu mwenyewe amekubali nihame. Ni kweli?"

Mzee akasema tutaiomba mahakama itengue amri.

"Sikuulizi mtafanya nini. Nauliza kama ni kweli."

"Kulikuwa na hitilafu ya mtandao, mama."

"Huo mtandao ndio uliosema huna pingamizi? Cherehani zangu nizipeleke wapi? Nizibebe kichwani?"

Karani alijifanya anatafuta kitu kabatini. Mimi nilitaka kupasuka. Kukosea ni kukosea, sote tunakosea, lakini kumdanganya mjane usoni! Mama alipoondoka nami niliondoka bila kuaga.

Ijumaa, 21 Machi

Jioni nilimsimulia mume wangu yote, nikitaka anisaidie kukasirika. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Alinisikiliza huku akisahihisha madaftari.

"Akicheka, anacheka kabla ya watu au baada?" akauliza.

"Swali gani hilo?"

"Jibu tu, Mama Pacha."

Nikafikiri. "Baada."

"Na anakutazama wapi ukiongea?"

Nikakumbuka Mzee anavyonitazama mdomoni. Mume wangu akaweka kalamu chini. "Darasani kwangu, mtoto asiyesikia hasemi kwamba hasikii. Anakaa mbele, anatabasamu, wenzake wakisema ndiyo naye anasema ndiyo. Unaweza kumfundisha mwaka mzima ukidhani ni mtukutu."

Nilimwambia anamsingizia mtu mzima ugonjwa. Yeye akarudi kwenye madaftari yake.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ilikatika saa nne. Ofisi ikawa kimya. Karani alikuwa ametoka. Nilisimama nyuma ya kiti cha Mzee, hatua mbili tu, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, ofisi inaungua."

Akaendelea kuandika.

Nikarudia, kwa nguvu kidogo. "Mzee, ofisi inaungua moto."

Akafungua ukurasa mwingine, akalamba kidole.

Nililia pale pale nyuma yake, naye hakujua mpaka alipogeuka kutafuta kikombe. Aliniangalia, akaangalia mlango, akaelewa. Hakukana.

"Ni mwaka wa tatu huu," akasema. "Ana kwa ana sishindwi, binti. Nasoma midomo. Jaji akiwa mbele yangu, namsoma vizuri kuliko ninavyosoma sheria. Lakini kwenye hicho kioo uso ni mdogo kama kucha, na midomo inaenda njia yake, sauti njia yake. Nilidhani yule bwana ameomba ahirisho. Kila siku anaomba ahirisho."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Wakili asiyesikia ni wakili wa nini?" Akatazama dirishani. "Mimi naipenda mvua. Mvua ikinyesha nyote mnapayuka, na hakuna anayejua."

Hasira yangu haikwisha. Ilihama tu. Kuanzia leo inaishi makao makuu ya Chama.

Jumanne, 25 Machi

Nimepiga ile namba ya kwenye kadi.

Kwanza sauti ya mashine iliomba namba yangu ya uwakili. Siri gani hiyo inayoanza kwa kujitaja? Nikaiweka. Nikaelezwa nisubiri, muziki ukapigwa. Mwishowe mtu akapokea.

"Karibu, Chama kinakusikiliza."

Nikaeleza kwamba napiga kwa niaba ya mwenzangu anayehitaji msaada.

"Samahani wakili, tunaongea na mhusika mwenyewe. Mpe simu."

"Hawezi kuongea kwa simu. Hasikii. Hilo ndilo tatizo lenyewe."

"Basi mwambie atupigie akiwa tayari."

"Akiwa tayari kusikia?"

"Ndiyo, wakili."

Naandika haya kwa ushahidi, kwa sababu najua kesho sitaamini. Chama chenye jengo la vioo, chenye kamati ya kila kitu hadi kamati ya viti, kimetengeneza msaada ambao asiyesikia anaupata kwa simu, na mafunzo ambayo asiyesikia anayafaulu kwa sauti bila hata mstari mmoja wa maandishi chini ya picha. Halafu akishindwa wananyima leseni. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, lakini zizi letu sisi limefungwa kwa ndani.

Jumatano, 26 Machi

Nilikwenda Chama mwenyewe nikiwa na hotuba nzima kichwani ya kumchana yule dada wa ustawi.

Chumba chake kipo mwisho wa korido. Mlango wake unatazamana na mlango wa Kamati ya Maadili, ile inayotuadhibu, na vyumba vyote viwili vina benchi moja la kusubiria. Ukikaa pale, anayepita hajui umekuja kulia au kunyang'anywa leseni. Nilikaa, na mawakili wawili ninaowafahamu walipita wakageuza nyuso zao kwa heshima ya msiba.

Dada aliniachia niseme yote. Sauti yake ya kubembeleza haikuwepo leo.

"Dada wakili, unajua wanaofika kwenye chumba hiki ni wangapi? Hakuna. Wanafika hadi kwenye benchi, wanaona ule mlango, wanaondoka. Kwenye simu wengi wanapiga, wanakaa kimya, wanakata. Niliomba chumba kingine, niliomba maandishi kwenye video, niliomba watu waweze kutuandikia ujumbe badala ya kupiga. Nikajibiwa bajeti ya ustawi imeisha kwenye ukumbi wa Jumamosi."

"Na bado unagawa zile kadi?"

"Nikiacha kugawa, nitakuwa sina hata hizo."

Nilikuja kumgombeza, nikajikuta namfutia machozi kwa karatasi zake mwenyewe. Aliniandikia jina la daktari wa masikio.

Jumamosi, 29 Machi

Mzee amepimwa. Ataletewa mashine za masikio, lakini si leo wala kesho. Mama Cherehani ameanza kufunga mizigo.

Jumapili, 30 Machi

Tumeandaa maombi ya kutengua amri, kwa hati ya dharura. Tumebaki kwenye sababu. Wakili rafiki yetu alipita, akashauri kama anavyoshauri mtu kuhusu barabara isiyo na foleni: "Andikeni mtandao. Kila mtu anaandika mtandao. Nani atabisha?"

Ni kweli, hakuna ambaye angebisha. Mama angebaki kwake na Mzee angebaki na heshima yake. Nilimtazama Mzee nikitumaini atakubali, na ninaona aibu kuandika kwamba nilitumaini.

"Huo ni uongo juu ya kiapo," akasema. "Andika nilivyokwambia."

Alhamisi, 3 Aprili

Aliomba kusikilizwa ana kwa ana, mahakamani, na jaji akakubali. Mvua ilitupiga njiani hadi kwenye soksi.

Mzee alisimama karibu na meza ya jaji kuliko kawaida. Hakuzunguka. "Mheshimiwa, siku ile mtandao ulikuwa mzima. Masikio yangu ndiyo mabovu. Sikusikia ombi, na kwa aibu nikajibu nisichokisikia. Mteja wangu hakukubali kuhama na hajawahi kukubali. Naomba aibu hii iniangukie mimi, si yeye."

Jaji alipozungumza, alizungumza polepole, uso wake ameuelekeza kwa Mzee. Amri imetenguliwa. Mama abaki nyumbani kwake hadi kesi iamuliwe. Kisha akaongeza kwamba ataelekeza nakala ya uamuzi ipelekwe kwenye Chama, "ili kiweze kumsaidia mwanachama wake."

Nje, Mama Cherehani alimsogelea Mzee karibu kabisa akamkemea. "Ungeniambia tangu mwanzo! Mimi na cherehani zangu nne maisha yangu yote nimezoea kupayuka!" Halafu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akakataa kuuachia.

Jumatatu, 14 Aprili

Msaada wa Chama umefika. Umekuja kwa barua pepe mbili, siku moja.

Ya kwanza inamwita Mzee mbele ya Kamati ya Maadili aeleze kwa nini aonekane bado anafaa kufanya kazi ya uwakili. Leseni imesimamishwa kwa sasa. Ya pili, kutoka ofisi ya Rais wa Chama, inampongeza kwa "kuvunja ukimya" na kumwalika awe mzungumzaji mkuu kwenye Ustawi wa mwezi ujao. Wameomba picha yake, awe anatabasamu.

Nilizisoma mara tatu nikidhani nimechanganya watu. Nilimwonyesha dada wa ustawi. Alisema hakuambiwa lolote kuhusu hizo barua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Chama kimelibeba kanda lake huku kikipiga picha.

Jumatano, 16 Aprili

Mashine za masikio zimefika. Mzee anasema kijiko kinapiga kelele kwenye kikombe na karani anaburuta miguu. Watu wakiongea kwa pamoja, au wakiwa mbali, bado inakuwa vurugu.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua imepungua. Nimeshika kesi zake zote. Anakuja kila siku, ananiandalia hoja, anarudi nyumbani mapema. Hajavaa tai wiki nzima.

Jumanne, 29 Aprili

Nimetoka kwenye kikao cha Kamati sasa hivi. Naandika kwenye ngazi za Chama, kabla sijasahau mpangilio.

Chumba cha Kamati ni kirefu. Wajumbe watano wamekaa mwisho mmoja, nyuma ya meza ya mbao nzito, dirisha likiwa mgongoni mwao, kwa hiyo nyuso zao zilikuwa giza. Mzee alikalishwa mwisho wa pili. Nilimwomba mwenyekiti wa Kamati tusogee. Akasema utaratibu wa kikao hauruhusu. Nikaomba basi niyarudie maswali mbele yake. Akasema mjibu hoja ni wakili, ajibu mwenyewe. Dada wa ustawi alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyempa kiti.

Mwenyekiti akauliza swali la kwanza akiwa anasoma karatasi, kidevu kifuani. Nililisikia vizuri, na nikauma meno, maana nilijua kitakachofuata. Mzee atatabasamu, atajibu chochote kwa adabu, nao wataandika.

Hakutabasamu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, sikusikia. Naomba urudie."

Miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumsikia akisema maneno hayo. Mwenyekiti akarudia, bado kidevu kifuani.

"Sikusikia, Mwenyekiti. Naomba urudie tena."

Mjumbe mmoja akapumua kwa nguvu. Mwingine akatazama simu. Mwenyekiti akarudia kwa kupayuka, na ukuta ukayarudisha maneno yote vipande vipande. Mzee alikuwa ameegemea mbele, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Nilitaka kusimama niwatukane wote, nikamwona dada wa ustawi akinitikisia kichwa, kwamba nimwache.

"Bado, Mwenyekiti. Naomba urudie."

Mwenyekiti akaiweka karatasi chini. Nilidhani anafunga kikao. Akasukuma kiti, akazunguka meza ile ndefu, akatembea chumba chote, akavuta kiti kingine akaketi mbele ya Mzee, magoti yao yakikaribia kugusana. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, akimtazama usoni:

"Nimeuliza hivi. Tangu upate tatizo hili, uliwahi kukiomba Chama msaada?"

"Ndiyo," Mzee akasema. "Nimeuomba mara tatu, sasa hivi, humu ndani. Wewe ndiye wa kwanza kuinuka."

Kule mezani karani wa Kamati akauliza kama jibu hilo aliandike. Mwenyekiti hakugeuka. Akamwambia aandike kila neno, halafu awaambie wale wengine wanne walete viti vyao huku.